Nikukunje, Nikuchane

Mwezi uliopita tulimzika Mama Generoza pale Usevya, na katekista akasimama mbele ya kaburi akasema kwamba kijiji chetu kilimpokea kwa mikono miwili. Alisema hivyo bila kupepesa macho, juu ya jeneza la mwanamke ambaye hakuwa na mkono hata mmoja. Nikatazama waombolezaji kuona kama kuna atakayeshtuka. Walikuwa wanatikisa vichwa kukubali. Akina mama wa jumuiya walikaa mstari wa mbele na vitenge vyao vya sare, na katikati yao Mamkubwa Paskalia, dada mkubwa wa mama yangu, ambaye siku hizi anatembelea mkongojo, alikuwa anajifuta machozi. Nilimdharau pale pale makaburini. Kisha nikajidharau na mimi, maana nami nilikuwa nimevaa sare ile ile, na kama kuna mtu aliyempokea vibaya yule mama kuliko kijiji kizima, mtu huyo nilikuwa mimi, nikiwa na miaka minane au tisa.

Alifika msimu wa mpunga kutoa masuke, juu ya baiskeli ya kaka yake Zakaria. Zakaria tulimjua. Wazazi wake walikimbia Burundi zamani, akazaliwa yeye kwenye makazi ya wakimbizi karibu na Mpanda; wazazi waliporudi kwao na dada yake, yeye alibaki, baadaye akahamia kwetu kutafuta mashamba ya mbugani. Alilima peke yake eneo la wanaume wetu watatu, jambo ambalo hawakuwahi kumsamehe. Siku ile alikuwa anasukuma baiskeli, na juu ya keria alikaa mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni, amefungwa kiunoni kwa mpira wa baiskeli ili asianguke. Sisi watoto tuliona kitu kimoja tu: mtu amefungwa. Na kwetu anayeletwa kijijini amefungwa ni mwizi.

Alipoteremshwa tukaona mikono. Wa kulia uliishia chini kidogo ya kiwiko, wa kushoto uliishia kwenye kifundo, na yote ilikuwa inang'aa kwa mawese aliyopakwa ili makovu yasikakamae. Hapo kesi ikaisha. Kabla ya jua kuzama kila mtu Usevya alikuwa anajua kwamba huko kwao wezi hukatwa mikono, na waliosema kwa uhakika zaidi ni wale ambao hawajawahi kufika hata Mpanda. Lisemwalo lipo, walisema. Mimi kwa upande wangu niliamini jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Niliamini mikono yake imebaki Burundi na bado inalima huko, na kwamba siku moja ikimaliza kazi itamfuata.

Lakini kosa lake kubwa halikuwa wizi. Kosa lake lilikuwa salamu. Kwetu Mpimbwe salamu ya mdomo mtupu ni ya watu wa mjini. Mwanamke akikutana na mkubwa wake anachuchumaa pembeni mwa njia na kupiga makofi taratibu, viganja vikiwa na mwachano kidogo ili sauti iwe nzito, na mkubwa anaitikia. Ukiomba chumvi unapiga makofi. Ukiomba msamaha unapiga makofi, tena kwa muda mrefu zaidi. Mtoto asiyepiga makofi anachapwa, na mtu mzima asiyepiga makofi anasemwa mpaka ahame. Generoza alikuwa anapita kisimani, anainamisha kichwa, anasema "mwiriwe" ya kwao, anaendelea. Akina mama wakamwangalia mgongoni.

"Ana maringo huyo," Mamkubwa Paskalia alisema. "Hata kuchuchumaa hachuchumai."

"Atapigaje makofi?" mama yangu aliuliza.

"Kuchuchumaa kunahitaji mikono?"

Mama yangu akanyamaza, kama alivyonyamaza maisha yake yote mbele ya dada yake. Naamini wenzangu mliokulia vijijini kwetu mnamjua Mamkubwa wa aina hii. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, sauti yake ilianza kuongoza sala kabla katekista hajafungua kitabu, na hakuna ugomvi wa ndoa uliomalizika bila yeye kuukoleza kwanza. Alikuwa hajazaa. Hilo silisemi kwa kumcheka. Nalisema kwa sababu lilikuwa na kazi yake katika yaliyofuata, ingawa kijiji kizima kilijifanya hakilijui.

Habari ya ile mikono niliipata nikiwa msichana mkubwa, kwa Zakaria mwenyewe. Ilikuwa vita. Dada yake alikuwa anatoka kuchimba viazi pamoja na wanawake wengine wawili, wakakutana na wanaume wenye silaha njia panda. Wanaume wale walikuwa na bunduki, lakini bunduki hawakuzitumia. Walitumia panga, na waliwakata wote watatu mmoja baada ya mwingine, kisha wakawaambia waondoke. Kwa makusudi kabisa hawakuwaua. Walitaka watembee, waonekane barabarani, ili kila kijiji watakachopita watu waelewe nani ana nguvu. Yaani mtu mzima mwenye bunduki begani anakosa la kuwaambia wenzake mpaka aliandike kwenye mwili wa mwanamke aliyebeba viazi. Nimewasikia watu redioni wakiwaita wapiganaji. Mimi sioni waliyempiga aliyekuwa anapigana nao. Wanawake wawili walifia njiani, na Generoza alivuka mpaka na kukaa kambini upande wa Kigoma. Huko aliolewa, akazaa, akafiwa na mume kwa homa, na Zakaria akaenda kumchukua.

Kilichonishangaza nikiwa mtoto ni jinsi alivyokuwa hapungukiwi. Zakaria alikata mpira wa ndani wa baiskeli vipande vipande, akamtengenezea mikanda ya kufungia vitu kwenye vigutu: kijiko, mundu wa kuvunia, mwiko. Mkanda aliukaza mwenyewe kwa meno. Wiki za kwanza alikuwa anamwaga uji mwingi kuliko anaofikisha mdomoni, na nilimwona akitupa kijiko uani na kukaa chini analia kwa hasira. Baada ya muda akawa anasonga ugali amebana sufuria kwa nyayo zake, na ugali unaiva kuliko wa mama yangu. Nguo alifua kwa miguu. Mtoto wake, Ineza, wa mwaka mmoja hivi, alimwogesha kwenye beseni kwa viwiko na kidevu, na mtoto mwenyewe alikuwa ananenepa tu.

Yote hayo niliyaona kutoka kwenye dungu. Nyie mliowinga ndege mnajua dungu lilivyo: jukwaa la miti katikati ya shamba la mpunga, wewe umekaa juu yake tangu alfajiri na debe bovu la kupiga na kombeo la kurushia udongo, na kwelea wanakuja makundi kwa makundi. Ukigeuza kichwa kidogo wameshatua. Dungu la mama yangu lilikuwa jirani na uzio wa matete wa Zakaria, na mimi nilikuwa mtoto mvivu mwenye macho mengi. Ikawa kawaida yangu kuteremka, kupenya hadi kwenye matete na kuchungulia.

Siku moja nikaona jambo lililonitisha. Ineza alikuwa amelala juu ya mkeka, kafungwa kanga. Generoza akapiga magoti, akainama, akalibana fundo la kanga kwa meno, akamnyanyua mtoto hivyo hivyo hadi kwenye mapaja kama paka anavyombeba mwanawe. Kisha akafungua kanga kwa meno na kumchezea tumboni, anambana nyama kwa midomo, na mtoto anapiga kelele. Mimi nilijua kelele za watoto. Leo najua zile zilikuwa kicheko. Halafu akampigia makofi kwa nyayo za miguu, amekaa chini, miguu juu, na akiwa anapiga anamwimbia maneno yale yale, haraka haraka, na mimi niliyasikia hivi: nikukunje, nikuchane, nikukunje, nikuchane.

Nilikuwa bado nimeganda pale nilipousikia mpunga nyuma yangu unavuma. Kwelea walikuwa wametua shamba zima. Na kwenye tuta anakuja Mamkubwa Paskalia, ameshika fimbo ya mkwaju.

"Mpunga huu unalindwa na nani?" akauliza.

"Mimi, Mamkubwa." Nilikuwa nimeshachuchumaa napiga makofi ya msamaha.

"Na hao wageni umewakaribisha wewe?"

Fimbo ikapanda. Nikanyoosha kidole kwenye uzio.

"Mamkubwa, yule mama anamng'ata mtoto."

"Nani?"

"Yule asiyepiga makofi. Anamng'ata tumboni. Anamnyanyua kwa meno. Anamwambia, nikukunje, nikuchane."

Fimbo ilishuka taratibu mpaka ikagusa majani. Naukumbuka uso wake. Haukuwa uso wa mtu aliyeogopa. Ulikuwa uso wa mtu aliyeletewa kitu alichokuwa anakitafuta. Alinishika bega, akaniambia niyarudie maneno yale, nikayarudia vizuri zaidi, na mara ya tatu, mbele ya wenzake kisimani, nikaongeza kwamba mtoto alikuwa anatoka damu. Hakukuwa na damu. Niliona tu kwamba kila nikiongeza kitu, habari ya ndege inasogea mbali.

Zakaria alikuwa amekwenda Mpanda, na wao walilijua hilo. Kesho yake asubuhi akina mama sita waliingia uani kwake, wakasali kwanza, kisha wakamchukua mtoto. Nilikuwepo, nimeletwa kama shahidi, ingawa hakuna aliyeniuliza neno. Generoza alikisikia Kiswahili kuliko alivyokisema, na alikuwa anarudia maneno mawili tu: "Mwanangu. Kwa nini?" Alijaribu kumzuia kwa vigutu, na kumzuia mtu kwa vigutu ni kazi bure. Wakamwambia wanamsaidia. Wakamwambia mkono mmoja haulei mwana, na yeye hana hata huo mmoja. Yule aliyetamka methali hiyo alifurahi sana jinsi ilivyokaa vizuri, akaitamka tena walipokuwa njiani.

Wale wa njia panda walichukua mikono. Hawa wa kwetu walisali, wakachukua kilichobaki, na jioni wakapika wali.

Ineza alikaa kwa Mamkubwa siku tatu, na siku zote tatu alilia. Wakimbeba kwa mikono analia, wakimlisha kwa mikono anageuza uso. "Ameshamharibu huyu," Mamkubwa alisema, anamtikisa magotini, na alikuwa amemnunulia gauni na kofia. Generoza alikuja kila asubuhi akakaa nje ya uzio mpaka jioni. Siku ya pili mama yangu alimpelekea maji, akamnywesha kwa kikombe mbele za watu, na hilo ndilo jambo la ujasiri pekee nililowahi kumwona akifanya mbele ya dada yake. Mamkubwa alitoka mara moja tu.

"Mtoto atampata," alisema kwa sauti ya kusikiwa na majirani. "Sisi si wanyama. Aje aombe kwa adabu kama watu wanavyoomba. Achuchumae, apige makofi."

Akina mama wakacheka kidogo, kile kicheko cha pembeni cha watu wanaojua walichosema. Naapa walicheka.

Zakaria alirudi siku ya nne. Alifika kwa Mamkubwa bado ana vumbi la safari, dada yake nyuma yake, na nusu ya kijiji ikawafuata. Alichuchumaa, mwanaume mzima, akapiga makofi kwa utaratibu wote wa Kipimbwe, vizuri kuliko vijana wetu.

"Mama, tumekuja kuomba mtoto," alisema. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Wewe umeomba vizuri, baba," Mamkubwa alijibu. "Lakini mtoto si wako. Na huyu mwenye mtoto? Tumesikia anavyomtishia. Kumkunja, kumchana. Kwanza aombe."

Zakaria akamgeukia dada yake akamweleza kwa Kirundi. Kwa upande wa makofi Generoza alitulia tu. Kwa upande wa kukunja na kuchana alikunja uso, haelewi, akamfanya kaka yake arudie. Kisha akafanya jambo ambalo hadi leo Usevya wanalisimulia tofauti tofauti, kila mtu akijiweka upande mzuri. Alikaa chini kwenye vumbi, mbele ya mwenyekiti wa jumuiya, akavua ndala, akainua miguu na kupiga makofi kwa nyayo. Alipiga taratibu, sauti nzito, viganja vya miguu vikiwa na mwachano kidogo kama inavyotakiwa. Watu wakaguna. Kumwelekezea mkubwa nyayo zako ni tusi, na wengine walianza kusema hivyo.

Hawakumaliza. Ndani ya nyumba kilio kilikatika. Ineza alitokea mlangoni anatambaa, kofia imemwangukia jichoni, akakaa kwenye kizingiti, akainua vimiguu vyake na kuvipigisha pamoja. Akaanguka chali, akainuka, akapiga tena.

Generoza akamwita kwa yale maneno. Nilikuwa karibu, nikayasikia, nikajua sasa kila mtu ameyasikia na mimi nimethibitishwa.

"Si hayo?" Mamkubwa alisema, ananitazama. "Mtoto alisema kweli. Nikukunje, nikuchane."

Zakaria akamgeukia Mamkubwa. "Ndagukunda cane," alisema polepole, na hiyo cane wenyewe wanaitamka chaane. "Ni Kirundi, mama. Anamwambia, nakupenda sana."

Kuku walikuwa wanaparua nyuma ya jiko. Mamkubwa Paskalia alijitengeneza kitenge, akatazama watu wake mmoja mmoja, wote wakatazama chini.

"Sasa si angesema Kiswahili," alisema.

Hilo ndilo neno lake la mwisho katika shauri lile. Hakuomba radhi siku ile wala siku nyingine yoyote, na Jumapili alisoma somo la kwanza kanisani, sauti yake haikutetemeka popote. Generoza alikuwa ameshapiga magoti kwenye kizingiti. Alibana gauni kwa meno, akamnyanyua mtoto wake mbele yetu sote, akampakata juu ya vigutu na kuondoka naye. Kofia aliivua kwa meno, akaitema mlangoni.

Mimi nilisubiri adhabu, na adhabu haikuja. Watu wazima walikuwa wameamua kwa pamoja kwamba kosa ni la mtoto aliyesikia vibaya, na kosa la namna hiyo halina mwenyewe. Nililipenda sana jibu hilo. Nililibeba kwa miaka, nimelitumia hata ukubwani nikiwasimulia marafiki, na kila mara wananionea huruma, eti mtoto mdogo, lugha ngeni, ungejuaje.

Lakini siku chache baada ya mtoto kurudi, mama yangu alinituma kwa Generoza kupeleka kikombe na shuka ya Ineza vilivyobaki kwa Mamkubwa. Nilimkuta amekaa uani, ungo umefungwa kwenye vigutu kwa mikanda ya mpira, anapepeta mchele. Nilichuchumaa, nikapiga makofi ya msamaha, marefu kuliko yote niliyowahi kupiga. Hakuitikia. Nikaona niseme.

"Nisamehe, mama. Nilisikia vibaya."

Aliacha kupepeta.

"Hapana," alisema. Alikuwa anatafuta Kiswahili, neno moja moja. "Nilikuwa hapo, nyuma ya matete. Nilikuona. Niliona fimbo. Halafu niliona kidole chako, kinaonyesha kwangu."

Nilikazana kutazama mchele.

"Huyu aliyenikata, ninamjua," aliendelea. "Mtoto wa jirani. Alikuwa anakula kwetu. Nyuma yake kuna mkubwa wake, ameshika fimbo. Na yeye alikuwa anaogopa fimbo."

Hakuinua sauti. Laiti angenipiga. Laiti angeniita mchawi au shetani, ningejua la kufanya nalo. Aliniangalia tu kwa namna ambayo sikuwahi kuangaliwa na mtu mzima, bila chuki na bila huruma yoyote, kama mtu aliyekutana tena na mtu anayemfahamu.

Kisha akarudisha macho kwenye ungo.

"Nenda sasa," alisema. "Ndege wanakula mpunga wa mama yako."